Nyuma Yupo Nani?

Jua lilikuwa linakaribia kuchwa, na bado baiskeli kadhaa zilikuwa chini.

Msomi alisimama kando ya pikapu, viganja vimejaa grisi, akizitazama kama mtu anayetazama masufuria ya wageni baada ya karamu. Jina hilo la Msomi hakupewa na mama yake. Alipewa na watu wa karakana, siku aliporudi kutoka chuo kikuu na shahada ndani ya bahasha ya kaki, akakaa nyumbani akingoja kazi, na kazi nayo ikakaa huko iliko ikimngoja yeye. Mwishowe baba yake alimkabidhi binti yake funguo za pikapu.

"Ukingoja umekaa utaota kutu," alimwambia. "Endesha, mwanangu."

Baba yake alikuwa fundi baiskeli. Mtaa mzima ulimwita Mzee Spoku, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Siku hiyo walikuwa wamekwenda kwenye bohari la shirika la maji kuchukua baiskeli kuukuu ambazo wasoma mita walizitumia kabla ya kupewa pikipiki. Zilikuwa zimeegemezwa ukutani miaka na miaka, matairi hayana upepo, buibui wamejenga kwenye spoku za magurudumu. Mzee Spoku alikuwa amekubali kuzitengeneza ili zigawiwe wanafunzi wanaokaa mbali na shule. Na kwa kuwa safari ilikuwa ya ofisini, alikuwa amenyoa ndevu, akavaa kofia yake ya sufu na koti lake la kahawia, lile la kuendea harusi za watu.

Koti hilo ndilo lililomuumiza Msomi tangu asubuhi. Lilikuwa limepauka mabegani. Alitamani amwambie alivue, lakini angemwambiaje?

Kupakia baiskeli nyuma ya pikapu ni kazi inayotaka akili. Ukizirusha kama kuni, utafika na vyuma chakavu. Ya kwanza unaipindua, kiti na usukani chini juu ya magunia, matairi yatazame mbingu. Ya pili unaigeuza kichwa kwa mkia, ili usukani wa hii usitoboe spoku za ile. Katikati unaweka boksi. Kisha unafunga kwa vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu zilizokufa, mizunguko miwili, na ncha unaichomeka ndani. Msomi aliyajua hayo yote, na akayafuata kwa makini ya mtu anayeogopa kusahihishwa.

Lakini ukishafunga vyote hivyo, bado kuna jambo moja.

Wabeba baiskeli wa upande ule huwa hawaziachi peke yake nyuma ya gari. Mmoja huendesha, mmoja hukaa nazo. Na kabla gurudumu halijasogea, dereva hufungua kijidirisha cha nyuma ya kiti chake, akauliza: "Nyuma yupo nani?" Aliyeko nyuma hujibu kwa undugu wake. Yupo kaka yako. Yupo mkeo. Mzee Spoku yeye hujibu, "Yupo baba yako," na ndipo gia inapoingia.

"Baiskeli ni kitu kilichozoea kuwa na mtu," alimweleza siku ya kwanza. "Ukizibeba nyingi namna hii, viti vitupu, kuna wanaoviona. Wapo barabarani wasio na pa kukaa wala wa kuwaita. Sasa aliyeko nyuma asipotajwa ni wa nani, mwanangu, nafasi yake inakuwa wazi."

"Kwa hiyo hiyo ndiyo bima yetu, Baba?"

"Ndiyo bima. Na haina makaratasi."

Walicheka. Hata hivyo, Msomi hakuwahi kuacha kuuliza. Ni mtu wa wasiwasi. Hata mlango akishaufunga hurudi kuusukuma.

Basi walikuwa wanamalizia, mzee juu akifunga, binti chini akimpa vipande vya mpira, ndipo manukato yalipomfikia Msomi kabla ya sauti.

"Jamani! Si wewe?"

Alikuwa yule waliyemwita Mrembo. Chuoni walikaa chumba kimoja. Sasa alikuwa na kitambulisho cha shirika kifuani, viatu vyenye visigino, na kucha ambazo hazijapata kukutana na grisi.

"Mimi nimeambiwa kuna watu wanachukua vyuma nyuma ya bohari, kumbe ni wewe! Umekuwaje? Mbona masizi mpaka kwenye paji la uso?"

"Nipo kwenye... mradi."

"Mradi gani?"

"Wa usafiri," Msomi alisema, akificha mikono nyuma ya sketi. "Usafiri... endelevu."

"Unasimamia?"

"Nasimamia."

"Bosi! Na mimi hapa napiga mihuri tu." Mrembo alicheka, kisha macho yakapanda mpaka nyuma ya pikapu. Akakaza jicho. "Na yule mzee je, ni nani wako? Maana pua zenu, shoga yangu, ni kama mmegawana."

"Nani? Yule?"

Hakukuwa na haja ya kufikiri. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hakufikiri hata kidogo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeiva, kana kwamba lilikuwa likingoja kuulizwa.

"Yule ni kibarua tu."

Mzee Spoku alikuwa amewapa mgongo, ameinama. Mkono wake ulisimama juu ya mpira.

Ulisimama kitambo.

Kisha ukazungusha, ukazungusha tena, ukachomeka ncha ndani.

"Anajua kufunga, kibarua wako," Mrembo alisema.

"Eh. Anajitahidi."

Wakubwa walisema ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo Msomi aliuhisi kama una mfupa, tena wa samaki, umemkwama kooni. Mzee alipita juu ya baiskeli taratibu, akaketi kwenye gunia lake nyuma ya kibanda cha dereva, mgongo umeelekea kioo. Hakumwangalia. Alikaa tu, akingoja kuulizwa.

Msomi akapanda kwenye kiti cha dereva. Mrembo akamfuata, akaegemea dirisha, akiendelea na habari za nani ameolewa na nani amehamia wapi. Kijidirisha cha nyuma kilikuwa karibu na sikio la Msomi. Angenyoosha mkono tu. Lakini akiuliza, mzee atajibu. Na mzee hana jibu lingine.

Yupo baba yako.

"Mbona huondoki, bosi?" Mrembo aliuliza. "Au gari la mradi halina mafuta?"

Msomi akawasha. Akaingiza gia.

Hakuuliza.

*

Barabara ya kurudi ilipita katikati ya mikaratusi. Anga upande wa kushoto lilikuwa jekundu, upande wa kulia limeshaiva kama bilinganya. Masikio ya Msomi yalikuwa ya moto. Alikuwa akipanga maneno, akiyapangua. Nitamwambia nilikuwa natania. Hapana, mzaha gani huo. Nitamwambia Mrembo ana mdomo, nilitaka kumkatisha. Nitamwambia... nitamwambia tukifika.

Mwanzo wa mlima, pikapu ilizidi uzito.

Siyo sana. Ni kama mtu mzima amepanda. Injini ikaguna, naye akashusha gia, akajiambia ni mlima.

Kisha akasikia mlio.

Tik... tik... tik... tik...

Kila anayefanya kazi ya baiskeli anaujua mlio ule. Ni gurudumu la nyuma linalojizungukia lenyewe, friwili, ile gia ya nyuma, ikihesabu meno. Lakini magurudumu yote yalikuwa yamefungwa. Aliyapitia moja moja kwa kidole chake. Labda mpira mmoja umeachia, akajiambia. Labda ni upepo.

Tik... tik...

Ukakatika. Kisha ukaanza tena, kwa haraka zaidi, kama mtu aliyepumzisha mkono akaendelea kuzungusha.

Halafu harufu ikaingia. Mwanzoni ilikuwa ile ya kawaida, mpira na grisi kavu. Chini yake ikapanda nyingine, ya udongo mbichi. Udongo wa shimo lililochimbwa leo.

Akainua macho kwenye kioo.

Koti la kahawia la baba yake lilikuwa palepale, limejaza nusu ya dirisha la nyuma. Juu ya bega lake, matairi yalionekana meusi kwenye wekundu wa anga, mengi, yametulia. Mawili tu hayakutulia. Yalikuwa yanazunguka. Na katikati ya hayo mawili, kule mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma...

Kofia ya sufu.

Msomi alirudisha macho barabarani. Ameona boksi tu, akajiambia. Ameona gunia limekunjamana. Aligonga kioo kwa kifundo cha kidole, akafungua kijidirisha kidogo, na kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua akaita:

"Baba?"

"Naam," ikajibu sauti karibu na sikio lake.

"Naam," ikajibu sauti kule mwisho.

*

Alifunga breki kwenye daraja dogo la mawe, mahali ambapo barabara inabana na kijito kinapita chini bila kuonekana. Hakuzima gari. Alishuka akishikilia mlango, kisha akashikilia ubavu wa pikapu.

Walikuwa wawili.

Mmoja ameketi kwenye gunia nyuma ya kibanda. Mwingine ameketi mwishoni, juu ya mlango wa nyuma. Makoti mawili ya kahawia, yote yamepauka mabegani. Kofia mbili. Wote wameinamisha vichwa, kama watu waliotukanwa mbele ya watoto. Wote mikono wameificha ndani ya makoti kwa ajili ya baridi.

Mikono. Msomi aliikumbuka mikono. Baba yake alikuwa na kidole kimoja kifupi. Mnyororo ulikila pingili ya mwisho zamani, Msomi akiwa mdogo. Ni mkono upi? Wa kulia? Wa kushoto? Alijua idadi ya spoku za kila gurudumu. Alijua tofauti ya nati mbili kwa kuzishika tu gizani. Mkono wa baba yake, ambao umemkatia mkate maisha yake yote, hakuujua.

"Mwanangu," alisema yule wa mbele, kwa upole. "Endesha. Giza linaingia."

"Usiendeshe," alisema yule wa nyuma. "Uliza kwanza."

Sauti ni ileile. Ule ukwaruzo uleule wa kifua.

Kijito kilinong'ona chini ya mawe.

"Nyuma..." Msomi alianza. Akaanza tena. "Nyuma yupo nani?"

Yule wa mbele aliinua uso. Alikuwa baba yake. Macho, pua, ule udevu mmoja aliousahau chini ya kidevu asubuhi akinyoa. Akatabasamu.

"Yupo baba yako."

Msomi akageuka kwa yule wa nyuma. Naye aliinua uso. Alikuwa baba yake. Macho, pua, udevu uleule mmoja. Hakutabasamu. Alimtazama muda mrefu, kama anayechagua namna ya kumbebesha mtoto mzigo.

"Yupo kibarua tu," akasema.

Damu ilimpanda Msomi mpaka kwenye mizizi ya nywele.

Akili yake, ile iliyozoea mitihani, ilikimbia huku na huku. Kiumbe cha barabarani kingejuaje neno lile? Basi huyu aliyelisema ndiye baba, aliyelisikia kwa masikio yake. Lakini si neno lilelile ndilo lililofungua mlango? Aliyepanda, alipanda juu ya neno hilo. Lazima analijua kuliko wote. Basi huyu ndiye mgeni. Lakini baba angejibu tu, kana kwamba hakuna kilichotokea? Ndiyo, angejibu. Ni mtu wa kusamehe. Hapana. Ni mtu wa kusema kweli...

Chini ya hesabu zote hizo kulikuwa na jambo dogo, la aibu, ambalo halikuwa hesabu. Yule wa mbele alikuwa amesamehe. Yule wa nyuma alikuwa amesikia.

Na Msomi hakuweza kuingia nyumba moja na mtu aliyesikia.

"Baba," alisema, akimwangalia yule wa mbele. "Twende."

Yule wa nyuma aliitikia kwa kichwa mara moja, taratibu, kama fundi aliyeambiwa kazi haipo leo. Hakubembeleza. Angelia, angelaani, angesema lolote, labda mambo yangekuwa mengine. Aliinama. Kipande kimoja cha mpira kilikuwa kimelegea pale pembeni. Akakivuta. Akazungusha, akazungusha tena, akachomeka ncha ndani.

Taa nyekundu ya gari ilikuwa inamulika mkono wake.

Msomi aligeuza uso kabla hajahesabu vidole.

Alipotazama tena, mzee alikuwa ameshashuka. Alitembea kwenye kokoto za kando ya daraja kuelekea kijitoni, na kokoto hazikutoa sauti yoyote. Msomi alilishika hilo kwa mikono miwili. Hazikulia! Umeona? Mtu wa kweli angezikanyaga zikalia. Alijiambia hivyo akipanda garini, akajiambia hivyo akiingiza gia, na injini, ikinguruma vile, isingemruhusu kusikia kokoto hata kama wangepita ng'ombe. Hilo nalo alilijua.

Nyuma yake, mwenzake wa safari alianza kuimba kwa pua, taratibu. Baba yake hakuwa mtu wa nyimbo.

*

Karakana ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Jirani yao, fundi wa kuchomelea aliyeitwa Chuma, alikuwa anakusanya vifaa vyake aliposikia pikapu, akaja kusaidia kushusha, kama kawaida yake, na mdomo wake ukiwa mbele ya miguu.

"Karibuni, wajumbe! Mzee Spoku, koti hilo ulikwenda kuchukua baiskeli au kuposa?"

"Kuposa," alijibu mzee, akashuka kwa mruko mwepesi.

Chuma alicheka. Kisha akaacha kucheka. Mzee alikuwa amechukua kisu, anaikata mipira. Kipande kimoja, cha pili, cha tatu, vinaanguka chini kama nyoka waliochinjwa.

"Mzee... unakata mipira?"

"Nimechoka, bwana."

Msomi aliziona ncha zilizochomekwa vizuri zikikatwa. Baba yake angeweza kukaa nusu saa akifungua fundo moja kuliko kupoteza kipande cha tyubu. Lakini watu huchoka. Watu wote huchoka.

Walishusha baiskeli, wakazisimamisha ndani. Mzee akaingia nyumbani. Alisimama kwanza mbele ya mlango, akautazama, akausukuma. Mlango ule unavutwa. Akauvuta.

Chuma alimshika Msomi kiwiko, akamvuta nyuma ya pikapu. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Msomi. Mliulizana?"

"Tuliulizana."

"Kabla ya kuondoka?"

Msomi akatazama chini. Chuma akateremsha sauti mpaka ikawa pumzi.

"Sikiliza, dada yangu. Marehemu mjomba wangu alikuwa anabeba baiskeli kama nyinyi. Siku moja aligombana na mkewe, akawasha gari kwa hasira, hakuuliza. Mama yule alirudi salama. Tena alirudi mpole, ana adabu, chakula chake kitamu kuliko zamani. Sisi watoto tulimpenda." Akatazama mlango wa nyumba. "Mjomba peke yake ndiye aliyekuwa analala ukumbini. Mpaka anakufa."

"Na... yule mwingine?"

"Yupi?"

"Mkewe. Yule wa... mwanzo."

"Nani wa kumwuliza?" Chuma alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Ila wazee walikuwa wakisema kuna dawa, nayo ni moja. Mgeni akishakula chakula cha nyumba, ni wa nyumba. Kabla hajala, dereva anaweza kurudi pale pale, amwite mtu wake. Lakini lazima awe na shahidi, na lazima aseme mbele ya shahidi huyo kwa nini hakuuliza. Neno kwa neno. Mjomba alishindwa. Aliona haya kusema alichomwita mkewe." Akamkazia macho. "Tochi ninayo. Pikapu bado ina moto. Mimi ni shahidi wako. Niambie tu, ilikuwaje?"

Pale palikuwa padogo, nyuma ya pikapu, na taa ya karakana ilipafikia. Msomi alimwona Chuma vizuri. Mtu mwema. Mtu ambaye kila mwaka humsifia mbele ya wateja, *binti wa Mzee Spoku huyu, kichwa kama maktaba*. Alifungua mdomo.

Neno lilikuwepo. Maneno manne, mafupi. Mbele ya Mrembo yalitoka bila kusukumwa. Sasa yalijibana kwenye meno kama yanaogopa mwanga. Alijiona akiyasema. Akaona uso wa Chuma ukibadilika, taratibu, ukijifunza kumtazama upya. Akausikia mtaa kesho. *Mkataa kwao.*

Baba yake alikuwa amesimama gizani kando ya kijito. Au hakuwa huko. Alikuwa ndani, ananawa mikono.

"Hakuna kitu," alisema Msomi. "Niliuliza. Nilisahau tu kwamba niliuliza. Nimechoka."

Chuma aliachia kiwiko chake.

"Haya," akasema. "Usiku mwema, Msomi."

*

Ndani, taa ilikuwa imewashwa. Mzee alikuwa amesimama kwenye karo, anajinawisha, na maji yalikuwa yanapita juu ya vidole vyake. Msomi akasogea kama anayetafuta taulo, akahesabu.

Kidole kilikuwepo. Kifupi. Cha mkono wa kushoto.

Akashusha pumzi mpaka akahisi kizunguzungu. Kushoto. Bila shaka ni kushoto. Au... Alikwenda sebuleni haraka, kwenye picha ya mahafali iliyoning'inizwa ukutani. Humo wangekuwa wamesimama pamoja, mikono ingeonekana. Yeye mwenyewe alikuwemo, joho jeusi, meno yote nje. Mrembo alikuwemo. Wazazi wa Mrembo walikuwemo, wamependeza. Alizitazama nyuso moja moja, kwa makini, mpaka alipokumbuka kwamba alimwambia baba yake nafasi za wageni zimekwisha.

Alisimama pale, paji la uso likigusa fremu, na kwa mara ya kwanza jioni ile akataka kupiga kelele. Funguo za pikapu zilikuwa mfukoni. Nyumba ya Chuma ilikuwa hatua chache tu. Chakula kilikuwa bado kwenye sufuria juu ya makaa, kimefunikwa, hakijaguswa.

Akatoka sebuleni na funguo mkononi.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kulia. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili kifuani, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Alikuwa anaitazama meza. Viti vinne, vyote vya mbao, vyote sawa. Alikitazama kimoja. Akakitazama kingine. Alinyoosha mkono, akaurudisha.

Aliposikia nyayo, akageuka. Uso wake ulikuwa na haya. Haya ya kweli, ya mtu mzima aliyepotea nyumbani kwa watu na hataki kusumbua.

"Mwanangu," akanong'ona. "Samahani... Mimi huwa nakaa wapi?"

Msomi alitazama dirishani. Nje, kwa Chuma, taa ilikuwa bado inawaka. Bado hajalala, bado anasubiri. Ingetosha kufungua mlango. Ingetosha kusema.

Mzee aliendelea kumngoja kwa upole, bila kinyongo, bila swali lingine. Huyu hakuwa amesikia chochote. Huyu asingemtazama kamwe kwa macho yale ya darajani.

Aliweka funguo juu ya kabati. Akavuta kiti kinachoangalia dirisha, akafuta vumbi lisilokuwepo kwa upindo wa sketi yake, kisha akachukua sahani, akafunua sufuria, na mvuke ukapanda kati yao.

"Hapa, Baba," akasema. "Unakaa hapa."